Shampoo: amri ya kukandwa iliyogeuka chupa ya bafuni

Kila baada ya muda huzuka mitandaoni andiko lilelile: shampuu ilivumbuliwa na Wahindi, na hata jina lake ni la Kihindi. Andiko hilo husambazwa kwa furaha, na naielewa furaha hiyo, maana tumezoea kuhesabu karibu kila kitu cha bafuni kuwa kimetoka Ulaya. Tatizo ni kwamba limefunga pamoja mambo mawili ambayo hayakusafiri pamoja. Ni kweli watu wa India walikuwa na vitu vyao vya kuoshea nywele tangu kale. Ni kweli pia kwamba neno lilitoka kwao. Lakini huko lilikotoka, neno hilo halikuwa jina la kitu chochote cha kuoshea nywele. Halikuhusu povu wala maji. Lilihusu mikono ya mtu mmoja juu ya mwili wa mtu mwingine, na halikuwa hata jina: lilikuwa amri.

"Kanda!" Hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Safari ya kutoka hapo hadi kwenye chupa ilichukua zaidi ya miaka 100, ikapita China, Ireland, Brighton na Berlin, na katikati yake yumo mzaliwa wa Patna, mji wa India, ambaye bila yeye huenda neno hili lingebaki kwenye barua za maofisa wa kikoloni na kufa nao.

Tuanze na sarufi, kwa sababu siri kubwa ya neno hili imo kwenye silabi yake ya mwisho. Kitenzi cha Kihindi ni chāmpnā, yaani kukanda, kubinya, kugandamiza kwa mikono. Wataalamu hukihusisha na capayati ya Kisanskriti, yenye maana hiyohiyo. Kile kiishio -nā kinafanya kazi inayofanywa na ku- katika Kiswahili. Ukitaka kuamuru unakiondoa, inabaki chāmp, kisha unaweka kiishio kingine kulingana na unayesema naye. Na hapo ndipo penye jambo, kwa kuwa Kihindi kina ngazi tatu za "wewe". Ya kwanza ni tū, ya mtoto au mtu wa ndani kabisa, na ikitumiwa vibaya ni ya dharau. Ya pili ni tum, ya rafiki, ya mdogo wako, na ya mtu anayekufanyia kazi. Ya tatu ni āp, ya mkubwa, mgeni na kila anayestahili heshima. Ukisema na mtu wa tū utamwambia chāmp. Ukisema na mtu wa tum utamwambia chāmpo. Ukisema na mtu wa āp utamwambia chāmpiye.

Kiingereza kilichukua chāmpo. Ile oo inayotamkwa mwishoni mwa shampoo ni kiishio cha tum, na kinatueleza nani alikuwa akisema na nani. Mwingereza wa Kampuni ya India ya Mashariki, ile kampuni ya biashara ya Uingereza iliyokuja kuitawala India, amejilaza, amechoka kwa joto, anamwambia mtumishi wake: kanda. Hakujifunza kitenzi hiki darasani wala kutoka kwa mzee aliyemheshimu. Alikijua kwa umbo lile tu alilokuwa akilitumia kila jioni. Angekuwa na mazoea ya kumwomba mkandaji kwa adabu ya āp, neno lililofika Ulaya lingekuwa na mwisho mwingine kabisa.

Na shampoo haiko peke yake. Mwaka 1886 Henry Yule na Arthur Burnell walichapisha kamusi kubwa ya maneno ya Waingereza wa India, inayojulikana kwa jina la Hobson-Jobson. Walipofika kwenye shampoo waliandika kwamba yaelekea imetokana na amri chāmpo, na wakaiweka kundi moja na maneno kama bunow, kutoka amri ya kutengeneza, na puckerow, kutoka amri ya kukamata. Baadaye wanajeshi wa Kiingereza walirudi kwao na dekko, wakimaanisha kutupia kitu jicho. Asili yake ni dekho, yaani "tazama!", na kiishio ni kilekile -o. Ukiyaweka maneno haya mstari mmoja unaisikia nyumba nzima ya mkoloni: kanda, tengeneza, kamata, tazama. Kiingereza kilichukua majina mengi ya vitu kutoka India, mamia kwa mamia, lakini vitenzi kadhaa vilivyoingia viliingia vikiwa bado vimevaa sare ya amri.

Wasomaji wa Kenya hawatahitaji maelezo marefu hapa. Kisetla, kile Kiswahili cha walowezi, kilisimama juu ya lete, peleka, ngoja na toka. Hakikuwa na haja ya ngeli wala ya "naomba", kwa sababu mazungumzo yalikuwa ya upande mmoja. Ukitaka kujua watu wawili waliishi vipi, angalia lugha ya mmoja ilichukua umbo gani la kitenzi cha mwenzake.

Sasa turudi kwenye kukandwa kwenyewe. Wazungu walikuwa wamekiona kitu hiki mapema kuliko neno. Padri Edward Terry, aliyekuwa pamoja na Thomas Roe, balozi wa Uingereza kwa mfalme Jahangir wa Mughal katika miaka ya 1610, aliandika kwamba watu wa huko wakipumzika huwaita vinyozi wao, nao huwabinya na kuwapigapiga taratibu mikono na sehemu nyingine za mwili, badala ya mazoezi, ili kuichangamsha damu. Shika neno hilo, vinyozi. Nchini India kinyozi, nāī, hakuwa mtu wa wembe na mkasi tu. Alikanda, alipaka mafuta, alisafisha masikio. Hata leo, kwenye vijia vya miji ya India utamkuta amemkalisha mteja kwenye kiti kifupi, anammiminia mafuta utosini, anayasambaza kwa ncha za vidole mpaka nyuma ya masikio, anabinya shingo na mabega, kisha anaunganisha viganja viwili na kuvipigapiga kichwani kwa haraka vikitoa mlio wa kugonga. Kazi hiyo inaitwa champī. Ni mtoto halali wa chāmpnā, na mpaka leo haihitaji tone la maji.

Neno lenyewe linaonekana katika maandishi ya Kiingereza mwaka 1762, ndani ya kitabu cha safari iliyofanyika 1747 na 1748. Na hapa pana jambo linaloweza kumkwaza mtu: kukandwa kunakosimuliwa humo hakukufanyika India bali China. Mwandishi anasema ni jambo lisilojulikana Ulaya, na kwamba kama asingewaona kwanza wafanyabiashara wakifanyiwa, angeogopa kudhurika kwa kuviona tu vyombo vyote vilivyoandaliwa. Kwamba alitumia neno la Kihindi kueleza desturi ya Wachina kunaonyesha kuwa tayari lilikuwa limekwisha kuzoeleka midomoni mwa watu wa meli zilizopita India kwenda Mashariki ya Mbali. Tahajia ilikuwa bado haijatulia. Mwaka 1813 James Forbes, katika kumbukumbu zake za maisha ya India, aliandika champoing, kwa ch ya Kihindi. Sh ilishinda baadaye.

Na iliposhinda, ilishindia Brighton.

Sake Dean Mahomed alizaliwa Patna mwaka 1759. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Kampuni na aliuawa mtoto akiwa bado mdogo. Mwenyewe aliingia katika jeshi hilohilo angali kijana mdogo sana, chini ya ofisa mmoja wa Ireland, Godfrey Evan Baker. Baker alipoondoka India, Mahomed alifuatana naye, na mwaka 1784 akajikuta Cork, kusini mwa Ireland. Huko alijifunza kuandika Kiingereza, akamwoa Jane Daly, na mwaka 1794 akachapisha simulizi ya safari zake ambayo huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza na mtu wa India. Hilo peke yake lingetosha kumpa nafasi katika historia. Lakini alikuwa na roho ya kujaribu. Akahamia London, akahusika na bafu za mvuke za Basil Cochrane, tajiri aliyechuma mali yake India, na mwaka 1810 akafungua Hindoostane Coffee House karibu na Portman Square, mkahawa wa vyakula vya Kihindi na hooka, yaani kiko cha maji, kwa Waingereza waliokumbuka ladha za huko. Kabla ya 1812 kwisha alikuwa amefilisika.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alikwenda Brighton, mji wa pwani ambao wakubwa wa Uingereza walikuwa wakiukimbilia kwa ajili ya maji ya bahari na hewa. Alifika 1814. Mwaka uliofuata, mrithi wa ufalme alianza kulijenga upya kasri lake katika mji huohuo, kwa michoro ya John Nash, akiliwekea makuba na minara ya mtindo wa Kihindi. Macho ya matajiri yalikuwa yamekwisha geukia India. Mahomed akawapa kitu cha India cha kuhisi kwenye mwili.

Huduma yake ilikwenda hivi. Mgonjwa aliingizwa kwanza kwenye mvuke wenye dawa za mitishamba mpaka atoke jasho jingi. Kisha alikaa ndani ya kihema cha flaneli ambacho kilikuwa na mikono iliyoshonewa ubavuni, kama mikono ya shati. Mkandaji alisimama nje, akapitisha mikono yake ndani ya ile ya kitambaa, akamkanda mgonjwa bila kumwona. Kihema hicho nakiona kuwa kazi ya akili sana. Waingereza wa wakati ule waliona aibu kubwa kuguswa mwili na mtu wasiyemjua, na mgeni huyu aliwaondolea aibu bila kuiondoa mikono, ambayo ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe. Jane, mkewe, alisimamia upande wa wanawake.

Waliokuja walikuwa na baridi yabisi, jongo, viungo vilivyokakamaa, pumu, kupooza. Waliopona waliacha magongo yao, naye akayatundika ukutani ili wanaoingia wayaone. Mwaka 1821 alifungua jengo kubwa la bafu ufukweni, na 1822 akatoa kitabu ambacho jina lake linaanza na neno Shampooing, kikieleza manufaa ya mvuke na kukanda kwa ushahidi wa wagonjwa. Mfalme George IV akamteua kuwa daktari wake wa kukanda, cheo ambacho kwa Kiingereza kilikuwa Shampooing Surgeon, na William IV akamwacha nacho. Tafakari cheo hicho kwa dakika moja. Neno lililozaliwa katika kumwamuru mtumishi wa India liliingia katika jumba la mfalme wa Uingereza likiwa heshima ya mtu wa India. Mahomed alifariki mwaka 1851, umri wake ukiwa umepita miaka 90. Mjukuu wake Frederick Akbar Mahomed alikuwa daktari katika hospitali ya Guy's, London, na utafiti wake kuhusu shinikizo la damu unatajwa hadi leo na wanahistoria wa tiba.

Nimekaa sana kwa Mahomed kwa sababu andiko la mitandaoni huwa linamtaja kwa mstari mmoja, nalo humtaja vibaya: "Mhindi aliyewafundisha Wazungu kuosha nywele." Hakufanya hivyo. Ukisoma shampooing katika kitabu chake cha 1822 ukadhani ni nywele, hutaelewa ukurasa hata mmoja. Alikuwa akikanda viungo na misuli. Sifa anayostahili ni kubwa kuliko hiyo anayopewa, kwani alilichukua neno la maofisa wachache waliorudi kutoka India na kulifanya neno la kila gazeti na kila familia iliyokwenda kupumzika pwani.

Lilifikaje kichwani basi? Kwa hatua fupifupi, ambazo ukizitazama moja moja hazishangazi. Mwaka 1856, huko Blarney karibu na Cork, ilifunguliwa bafu ya kwanza ya mtindo wa Kituruki katika visiwa vya Uingereza na Ireland, na muda si mrefu zikaenea mijini. Wahudumu wa bafu hizo waliitwa shampooer. Walikanda mwili mzima, kisha wakaupaka sabuni na kuumwagia maji. Kukanda na kuosha vikawa kazi za mikono ileile, saa ileile. Vinyozi nao, katika miaka ya 1860, wakawa wanawafanyia wateja shampoo ya kichwa: kusugua ngozi ya kichwa kwa vidole, kwa sabuni na maji. Katika hatua hii kusugua bado ndiyo kiini, na sabuni ni msaidizi. Lakini mteja aliyetoka kwa kinyozi alikumbuka zaidi kichwa safi kuliko vidole, na maana ikaanza kuelemea kwenye usafi.

Kisha yakatokea mabadiliko ambayo kwangu ndiyo makubwa kuliko yote. Kitenzi kikawa nomino ya kitu. Mara tu vinyozi na wenye maduka ya dawa walipoanza kuuza ule mchanganyiko wao, tendo likahamia kwenye kifurushi. Mwanzoni mchanganyiko huo ulikuwa sabuni iliyokwanguliwa na kuchemshwa, ikatiwa magadi au manukato. Ulikuwa na kasoro: sabuni ya kawaida ikikutana na maji magumu, yenye chokaa, kama yale ya London, huacha utando unaoganda kwenye nywele na kuzifanya zififie. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf, mwenye duka la dawa Berlin, alianza kuuza unga wa kuoshea nywele katika pakiti za karatasi, mtu akauchanganya na maji nyumbani kwake. Unga huo ulikuja kujulikana kwa jina la Schaumpon. Angalia walichokifanya Wajerumani hapo: kwa Kijerumani Schaum ni povu. Neno la Kihindi lenye maana ya kukanda likasikika kwao kana kwamba limeumbwa kwa povu, na tahajia ikafuata sikio. Shampuu ya majimaji ya kampuni hiyo ilikuja 1927. Mwaka 1934 Procter & Gamble wakaingiza sokoni Drene, iliyotengenezwa kwa kemikali za kusafishia ambazo si sabuni na ambazo haziachi utando kwenye maji magumu. Chupa tunazozijua leo ni kizazi cha hiyo.

Kwa hiyo ukitafsiri maandishi ya zamani ya Kiingereza uwe mwangalifu. Msafiri wa karne ya 19 anayesema amekuwa shampooed ndani ya bafu ya Cairo au Istanbul hakuoshwa nywele. Alikandwa, pengine mpaka akahisi mifupa inatengana. Andika "nilikandwa". Na hata katika maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 20, kama habari inahusu bafu ya Kituruki, shampooer ni mkandaji. Nimeona tafsiri zinazompeleka mtu huyo saluni, na aya nzima inapotea.

Sasa lile jambo la pili, la kuosha nywele. India ilikuwa na utamaduni tajiri wa kuosha na kutunza nywele, na hauhitaji kuazima neno shampoo ili utambulike. Kuna rīṭhā, tunda la mti wa jamii ya Sapindus. Maganda yake makavu yakilowekwa na kufikichwa hutoa povu, kwa kuwa yana saponini, kemikali ya mimea inayoshika mafuta na kuyaachia majini. Kuna shikakai, maganda ya mbegu za mmea wa jamii ya migunga (akasia), ambayo jina lake ni la Kitamili na maana yake ni tunda la nywele. Kuna āmlā, tunda chachu linalosagwa na kupakwa. Kila kimoja kina jina lake, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuitwa chāmpo. Kule kuosha kulikuwa na msamiati wake, na kule kukanda kulikuwa na wake. Waingereza ndio waliouchukua msamiati wa kukanda wakaupachika kwenye kuosha.

Pwani yetu nayo haikusubiri chupa. Majani ya mkunazi yakitwangwa na kuchanganywa na maji hutoa povu, na Waislamu wa Bahari ya Hindi, kuanzia Oman hadi huku kwetu, wameyatumia kuoshea nywele na kuoshea maiti. Sabuni za mimea ziligunduliwa mahali pengi, na si haki kumpa mmoja hati ya umiliki.

Kuna pia hadithi inayodai kwamba shampoo imetokana na maua ya champa, yale ya manjano yenye harufu kali nzuri, kwa kuwa mafuta yenye harufu yake yalipakwa kichwani. Ni hadithi inayopendeza, na sauti zinakaribiana. Lakini maua hayaelezi kwa nini matumizi yote ya mwanzo ya neno hilo katika Kiingereza ni kitenzi, wala kwa nini yote yanahusu kubinya mwili, wala ile oo ya mwisho inatoka wapi. Chāmpo inaeleza yote matatu.

Baada ya kuwa jina la bidhaa, neno lilienea haraka kama bidhaa yenyewe, kila lugha ikiliweka kwenye kinywa chake. Wafaransa walichukua umbo lenye -ing, wakaandika shampooing na kulitamka karibu na shampwen, na kwa njia hiyo ndivyo linavyosomwa kwenye chupa na msemaji wa Kiswahili wa Bukavu au Lubumbashi. Wabrazili wanaandika xampu. Waarabu, wasiokuwa na p, wanasema shambu. Wahispania wanasema champú, na Wareno champô, kwa hiyo ukitazama maandishi unaiona ch ya Kihindi imerudi, ingawa si kwa kukumbuka asili. Lakini kituo kinachonigusa zaidi ni India kwenyewe. Kihindi kimelipokea neno lake kutoka kwa Kiingereza kama mgeni: shaimpū. Mtu anaweza asubuhi kufanyiwa champī kwa mafuta ya nazi, na jioni akayatoa mafuta hayo kwa shaimpū, na katika mazungumzo ya kawaida asihisi kabisa kwamba mzizi ni mmoja.

Kiswahili kimepokea shampuu kwa njia hiyohiyo ya Kiingereza, na hilo si la kawaida kwa maneno yetu yenye asili ya India. Mengi hayakupita London. Gunia lilitoka kwenye gonī, na Kiingereza nacho kikachukua gunny kutoka hukohuko. Cheti kina undugu na chit ya Kiingereza, yote yakiwa na mama mmoja, chiṭṭhī. Bangili na bangle ni hivyohivyo, na laki vilevile. Haya yalivuka bahari na majahazi ya Wagujarati na Wakachchi, yakashukia Zanzibar, Mombasa na Lamu, yakapita mikononi mwa wachuuzi na mafundi. Ongeza bima na hundi. Uyasome tena uone ni maneno ya namna gani: vyombo, karatasi, pambo, hesabu, dhamana. Ni majina ya vitu na ya makubaliano, maneno ya watu waliokaa pande mbili za mzani wakipatana bei. Sijaona kati yake amri ya kumkandisha mtu mwingine, na sababu ni kwamba watu wa pwani na watu wa Gujarat hawakukutana kwa mtindo wa bwana aliyelala na mtumishi aliyesimama.

Na shampuu ilipotufikia ilikuwa imekwisha kupoteza mikono. Tuliipokea ikiwa nomino, chupa yenye kifuniko, na imebaki hivyo: tunaosha kwa shampuu, saluni wanaweka shampuu, kuna shampuu ya zulia na shampuu ya gari. Kitenzi chake cha zamani hatukukihitaji, kwa kuwa vyetu vinatosha na kila kimoja kina kazi yake. Mzazi aliyetoka kujifungua hukandwa kwa kitambaa na maji ya moto. Mchezaji aliyeteguka huchuliwa. Bibi arusi wa pwani husingwa kwa liwa na mafuta yenye harufu, siku kadhaa kabla ya harusi, na somo wake ndiye anayemsinga, huku akimfunda. Hilo la mwisho, la mikono yenye mafuta inayopita polepole juu ya mwili wa mtu aliyetulia, liko karibu na chāmpnā ya Patna kuliko chochote kinachouzwa leo chini ya jina la shampoo.